Jiwe la Buluu la Merelani na Mafunzo Yake kwa Wanaushirika



Katika kitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi ya Chama chetu Kikuu, kurasa nyingine zimeeleza habari za kahawa, maghala, hesabu na mikutano. Sisi wa ofisi ya katibu tumeona vema kuandika historia ya kitu ambacho hakikuoteshwa na mkulima yeyote wala hakikupimwa katika mizani ya chama, nacho ni jiwe la buluu la Merelani, liitwalo tanzanaiti.

Huenda mtu akauliza, jiwe lina uhusiano gani na ushirika wa wakulima? Jibu letu lina sehemu mbili. Kwanza, wengi wetu tuishio katika miteremko ya Mlima Meru tunao wana, wadogo zetu au wajomba zetu walioacha shamba la kahawa na migomba, wakashuka nchi kavu kwenda kulitafuta jiwe hilo. Wengine walirudi na fedha, wengine walirudi mikono mitupu, na wengine hawakurudi. Pili, historia ya jiwe hili ni historia ya mali iliyotoka katika ardhi yetu, ikapewa jina, daraja na bei na watu wa mbali. Mkulima wa kahawa anaifahamu vema historia ya namna hiyo, kwa maana ndiyo iliyowafanya wazee wetu waunde vyama.

Rangi ya buluu na shaba

Tangu zama za kale wanadamu wamependa mawe ya buluu, kwa kuwa rangi hiyo ni adimu katika mawe. Baadhi ya mawe ya buluu yajulikanayo ulimwenguni hupata rangi yake kwa shaba. Feruzi, ambayo watu wengi wamepata kuiona katika pete, ina shaba ndani yake. Azuraiti, jiwe la buluu iliyoiva, huzaliwa karibu na uso wa nchi, mahali ambapo maji na hewa vimekutana na madini ya shaba. Nayo baada ya muda mrefu yaweza kugeuka polepole kuwa malakaiti ya rangi ya kijani.

Kwa sisi wasemao Kiswahili, nchi mashuhuri ya mawe hayo ni Katanga, katika Kongo. Huko, kabla ya kuja kwa Wazungu, mafundi waliyeyusha shaba na kuisubu kwa umbo la msalaba, na misalaba hiyo ilitumika katika biashara. Karibu na mji wa Lubumbashi uko mgodi uitwao kwa Kifaransa Étoile, yaani Nyota, na hapo ndipo lilipotambuliwa kwa mara ya kwanza jiwe adimu la shaba lenye rangi ya buluu, likaitwa konetaiti. Fuwele zake ni ndogo mno, hazifai kukatwa kuwa kito cha pete wala cha mkufu, lakini makumbusho na wakusanyaji wa madini huzitafuta kwa bidii. Jina lake limetokana na Jules Cornet, mwanajiolojia wa Kibelgiji aliyesafiri Katanga kati ya mwaka wa 1891 na 1893. Basi hata huko, jiwe lilipewa jina la mgeni aliyepita njiani, na jina la mafundi walioijua shaba hiyo kwa vizazi vingi halikuandikwa popote.

Jiwe letu la Merelani ni la buluu vilevile, ila rangi yake haikutoka katika shaba. Ukoo wake ni zoisaiti, jiwe lililopewa jina mwaka wa 1805 kwa heshima ya Sigmund Zois, bwana mkubwa wa nchi iitwayo leo Slovenia. Rangi ya buluu inatokana na madini kidogo sana yaitwayo vanadi yaliyomo ndani yake. Ukiishika fuwele ya tanzanaiti juani na kuigeuza, utaiona buluu upande mmoja, zambarau upande wa pili, na upande wa tatu wekundu wa damu ya mzee.

Mahali lilipo

Merelani ni vilima vya nchi kavu ya Simanjiro, kusini ya Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro, na kutoka Arusha mjini ni mwendo usiofika kilometa 100. Zamani palikuwa katika Mkoa wa Arusha, mpaka mwaka wa 2002 ulipoanzishwa Mkoa wa Manyara. Wataalamu wanakadiria kwamba jiwe hili lilifanyika yapata miaka milioni 585 iliyopita, wakati miamba ilipokandamizwa na kuchemshwa chini sana ya ardhi. Milima yetu ya Meru na Kilimanjaro, ambayo twaiona kuwa mikongwe, haijafikia hata miaka milioni 5. Mpaka leo haijajulikana nchi nyingine duniani ichimbayo tanzanaiti. Yote itokayo sokoni imetoka katika vilima hivyo vichache.

Mwaka wa 1967

Mwaka huo ni mkubwa katika historia ya mji wetu. Tarehe 5 Februari 1967 lilitangazwa Azimio la Arusha, ambalo liliwafundisha wananchi wasidhani kwamba fedha ndiyo msingi wa maendeleo. Na katika mwaka uo huo jiwe la buluu lilitoka katika udongo wa Merelani na kuanza kutafutiwa jina.

Juu ya nani aliyeliona kwanza, yako maneno zaidi ya moja. Mzee Jumanne Mhero Ngoma alieleza kwamba aliliokota mwanzoni mwa mwaka wa 1967, akapeleka mawe kwa maofisa wa madini ili yapimwe. Manuel de Souza, fundi cherehani wa asili ya Goa aliyekaa Arusha na kupenda kutafuta madini, aliandikisha kitalu chake katika mwezi wa Julai mwaka huo. Wako pia wasemao kwamba Wamasai wachungaji waliyaona mawe hayo kabla ya wote, baada ya moto wa nyika kupita juu yake. De Souza alifariki kwa ajali ya motokaa mwaka wa 1969. Mzee Ngoma alipewa hati na Serikali katika miaka ya 1980, kisha akakaa kimya miaka mingi katika umaskini, mpaka tarehe 6 Aprili 2018, ambapo marehemu Rais John Magufuli alimtambua hadharani huko Merelani na kumpa shilingi milioni 100. Mzee huyo alifariki mwezi wa Januari 2019. Tangu kuokota jiwe mpaka kupewa heshima hiyo ilipita miaka 51.

Sasa tutazame safari ya jiwe lenyewe, maana humo ndimo lilimo fundisho. Hapo kwanza hakuna aliyejua ni jiwe gani. Wengine walilidhania kuwa aina nyingine za mawe ya buluu zilizokwisha kujulikana. Vipande vilipimwa Dodoma na mtaalamu wa Serikali, vikapita Nairobi mikononi mwa mwanajiolojia John Saul, vikafika Marekani, na jibu likawa moja: ni zoisaiti, ya rangi ambayo haikupata kuonekana. Kampuni ya Tiffany ya New York ililichukua na kulitangaza kwa wanunuzi mwaka wa 1968. Wakuu wake waliona kwamba jina la zoisaiti halitapendeza, kwa sababu katika masikio ya Waingereza na Wamarekani lafanana na neno la kujiua. Ndipo Henry Platt wa kampuni hiyo akaliita kwa jina la nchi yetu.

Jina hilo ni heshima kwetu, nasi twalifurahia. Lakini mwanaushirika na aangalie kwa makini. Katika muda usiozidi miaka miwili, jiwe lilikuwa limepata mpimaji, jina, duka na bei, na karibu yote hayo yalifanyika mbali na watu waliolichimba.

Migodi na watu wake

Mwaka wa 1971 Serikali ilitaifisha migodi ya Merelani. Kwa miaka mingi uzalishaji wa Serikali ulikuwa mdogo, na wachimbaji wasio na leseni wakawa wengi. Mwaka wa 1990 eneo liligawanywa katika vitalu vinne, A, B, C na D. Kitalu C kikapewa wawekezaji wakubwa, na vitalu B na D vikajaa wachimbaji wadogo. Hao ndio waitwao wanaapolo. Wengi wao hawakuwa na mshahara. Walikula chakula cha mwenye mgodi na kungoja jiwe litoke wapate fungu lao. Watoto wembamba waliotumwa kupenya katika mashimo yaliyosonga waliitwa nyoka. Jina hilo peke yake latosha kueleza hali ilivyokuwa.

Mwezi wa Aprili 1998 mvua kubwa ziliingia katika mashimo na kuua makumi ya watu. Mwaka wa 2002 makumi wengine walikufa kwa kukosa hewa chini ya ardhi. Mwezi wa Machi 2008 maji yaliingia tena, na makumi wengine wakafa. Tunayaandika haya bila kutaka kuwatisha vijana. Twayaandika kwa sababu bei ya jiwe isemwayo sokoni haikuwahi kuhesabu misiba hiyo, na wazazi waliokuwa wakingoja nyumbani hawakuulizwa.

Kielelezo ni nini?

Watu wengi hudhani kwamba jiwe la thamani lina njia moja tu ya kuuzwa, nayo ni kukatwa na kutiwa katika pete. Iko njia ya pili, isiyojulikana sana kwetu. Katika Ulaya, Marekani na Asia wako wakusanyaji wa madini, watu binafsi na makumbusho, ambao hawataki jiwe lililokatwa. Wanataka kielelezo, yaani fuwele nzima kama ilivyozaliwa, ncha zake hazikuvunjika, na ikiwezekana ikae bado juu ya mwamba wake pamoja na kinywe au mawe mengine yaliyozaliwa nayo. Katika mji wa Tucson, jimbo la Arizona, Marekani, yako maonyesho ya madini yaliyoanza mwaka wa 1955, na kila mwaka wakusanyaji na wafanyabiashara hukutana huko. Vielelezo vya Merelani vina sifa kubwa miongoni mwao.

Mkata vito na mkusanyaji hawatazami jiwe kwa jicho moja. Tanzanaiti nyingi hutoka ardhini zikiwa na rangi ya udongo au ya kijani kibichi iliyofifia. Mkata vito huichoma kwa moto wa nyuzi zipatazo 500 hadi 600 za sentigredi, rangi ya udongo hutoweka na buluu hubaki. Mkusanyaji hupenda zaidi fuwele ambayo haikuchomwa na mtu, na akipata ile ambayo ilikuwa buluu tangu ardhini, huithamini sana. Mkata vito akiona ncha imevunjika, hukata sehemu nzuri iliyobaki na kuendelea na kazi yake. Kwa mkusanyaji, ncha iliyovunjika ni hasara isiyo na dawa.

Hebu fikirini, ndugu, ni fuwele ngapi zilizovunjwa kwa nyundo na baruti tangu mwaka wa 1967, kwa sababu mchimbaji aliambiwa bei ya gramu tu? Na ni mawe mangapi mengine yaliyotupwa? Katika mashimo yale yale ya tanzanaiti hupatikana tsavoraiti ya kijani, prenaiti, daiopsaidi, na fuwele safi za kinywe, na yote hayo yana wakusanyaji wayapendayo. Katika miaka mingi mengi yake yalitupwa pamoja na kifusi, ambacho akina mama na watoto walikuja kukichekecha wakitafuta chembe za buluu.

Iko habari moja inayolithibitisha jambo hili. Juu ya baadhi ya vielelezo kutoka Merelani zilionekana nyuzi nyembamba nyeusi kama masharubu ya paka. Zilidhaniwa kuwa ni molibdenaiti, jiwe la kawaida lisilo na ajabu. Wanasayansi walipozipima kwa makini wakakuta kwamba ni madini mapya kabisa, ambayo hayakupata kuandikwa popote duniani. Mwaka wa 2016 yalitangazwa kwa jina la merelaniaiti, kwa heshima ya mji huo na wachimbaji wake, na wanasayansi wa madini wa ulimwengu wakayachagua kuwa madini ya mwaka. Hivyo kitu ambacho mtu angekipangusa kwa kidole kama uchafu kilikuwa kitu kipya machoni pa elimu ya dunia nzima. Safari hii, tofauti na ilivyokuwa Katanga, jina walipewa wenye kazi. Twashukuru.

Uvumi na bei

Katika mwezi wa Novemba 2001, baada ya mashambulio ya New York na Washington, gazeti moja kubwa la Marekani liliandika kwamba biashara ya tanzanaiti iliwanufaisha magaidi. Maduka makubwa ya huko, Tiffany likiwamo, yaliacha kuuza jiwe hilo kwa muda. Bei ikaanguka, na wachimbaji na madalali wa Merelani na Arusha, ambao hawakupata kuulizwa neno, wakakosa soko. Baadaye Serikali ya Marekani ilisema kwamba haikuona ushahidi wa jambo hilo. Mwezi wa Februari 2002 wajumbe wa biashara na wa Serikali yetu walikubaliana huko Tucson juu ya taratibu za kuonyesha njia ya jiwe kutoka mgodini mpaka dukani, na soko likarudi. Mwaka uo huo wa 2002 chama cha wafanyabiashara wa vito wa Marekani kiliiweka tanzanaiti katika mawe ya mwezi wa Desemba, pamoja na feruzi. Ndivyo buluu ya vanadi ilivyokaa mahali pamoja na buluu ya shaba.

Twaona hapa kwamba mali isiyo na kumbukumbu haina mtetezi. Jiwe lililopita mikono kumi gizani haliwezi kujibu likisingiziwa. Mkulima akumbuke neno hili kila aonapo karani wa chama akiandika uzito, daraja na jina katika stakabadhi, na asione kwamba ni usumbufu.

Ukuta, na mawe ya Bwana Laizer

Mwaka wa 2017 sheria ya madini ilirekebishwa, na Serikali ikaamuru migodi ya Merelani izungushiwe ukuta. Jeshi liliujenga kwa muda wa miezi michache, urefu wake kilometa 24.5, na ukafunguliwa tarehe 6 Aprili 2018. Mwaka wa 2019 Serikali ilianza kufungua masoko ya madini katika mikoa, ili mchimbaji mdogo apate mahali pa wazi pa kupimiwa na kuuza.

Matokeo yake tuliyaona mwaka wa 2020. Mwezi wa Juni, Bwana Saniniu Laizer, mchimbaji mdogo na mfugaji wa Simanjiro, aliiuzia Serikali mawe mawili ya tanzanaiti, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, kwa shilingi bilioni 7.74. Mwezi wa Agosti aliuza la tatu, la kilo 6.3, kwa shilingi bilioni 4.8. Wengi hukumbuka ukubwa wa fedha. Sisi twakumbuka zaidi namna ya kuuza: mawe yalitoka mazima, yakapimwa mbele ya watu, bei ikatangazwa kwa sauti, na muuzaji akalipwa kwa jina lake. Bwana Laizer mwenyewe alisema angependa kuwajengea shule watu wa kwao. Fungu kama lake ni nadra, na kijana asiache shamba akidhani kwamba kila shimo lina mawe kama yale. Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao.

Mafunzo kwa wanachama

Ndugu wanachama, kutokana na historia hii tumeona mafunzo matatu, nayo yote yafaa katika kahawa, mahindi na maharage yetu.

La kwanza ni kuijua mali uliyo nayo. Asiyejua maana haambiwi maana. Mchimbaji aliyejua gramu tu alivunja fuwele ambayo ingeuzwa nzima. Vivyo hivyo mkulima asiyejua madaraja ya kahawa huchanganya buni mbivu na mbichi, akajishushia bei kwa mkono wake mwenyewe. Kwa hiyo tunaomba kila chama cha msingi kiendelee kuwafundisha wanachama wake namna kahawa inavyoonjwa na kupangwa, na tunaomba vijana waitwe katika mafunzo hayo kabla hawajachukua nyundo.

La pili ni kuitunza mali mpaka ifike sokoni bila kuvunjika. Kahawa iliyochumwa vizuri yaweza kuharibika kwa kukaa usiku mmoja bila kumenywa, au kwa kuanikwa chini. Ncha iliyovunjika hairudi, wala ladha iliyopotea hairudi.

La tatu ni kutouza peke yako gizani. Wazee wetu wa Kilimanjaro waliunda chama chao kikuu, KNCU, mwaka wa 1933, na mafanikio yao yakawa mfano kwa wakulima wa sehemu nyingine za nchi. Walikuwa wakulima wadogo, kila mmoja na magunia machache, lakini kwa kukusanya mazao yao pamoja walipata mtu wa kuwapimia, wa kuwaandikia na wa kuwasemea. Wachimbaji wadogo waliikosa nguvu hiyo kwa miaka mingi, na gharama yake wameilipa kwa jasho na kwa roho za watu. Ikiwa miongoni mwa wanachama wetu wako wenye wana huko Merelani, nawapeleke habari hii: waungane, waandikishwe, wauze penye mizani iliyo wazi, na fuwele nzima wasiivunje kabla ya kumwonyesha mtu anayejua.

Chama chetu Kikuu kimetimiza miaka kumi. Hatuna jiwe la buluu katika ghala letu. Tunazo daftari, mizani iliyokaguliwa, na majina ya wanachama yaliyoandikwa kwa usahihi, pamoja na haki ya kila mmoja kuuliza bei imepatikanaje. Tunawaomba mzitunze daftari hizo katika miaka kumi ijayo, na kila mwanachama afike kwenye mkutano mkuu na stakabadhi zake mkononi.